Kipupwe cha Namba C

Madalali wa magari wa Dar es Salaam hawasemi AC. Wanasema kipupwe. Soma tangazo lolote uone: "Vitz namba C, gari imetulia, injini haijaguswa, haidai, ful kipupwe, bei maelewano." Neno hilo ndilo lililonimaliza. Mtu aliyepanda daladala za Goba miaka 11, kasimama kati ya ndoo ya samaki wa Feri na kwapa la mtu asiyemjua, ukimtajia kipupwe humtajii kifaa cha gari. Unamtajia pepo.

Nilikuwa na milioni tano na nusu. Mkopo wa SACCOS, miezi 36, wadhamini wawili ambao mpaka leo nikikohoa mbele yao wananiuliza kama nimekwenda hospitali. Kwa fedha hiyo mtu hachagui gari. Mnakutana tu, kama watu waliochelewa kuoa na kuolewa. Lakini sisi tulijipa moyo kwamba tunachagua, na kwa majuma sita sebule yetu ikawa bunge.

Mke wangu alitaka Raum. Hoja yake ilikuwa moja: mlango wa nyuma unateleza. Aliwahi kupewa lifti na jirani, wakafika Mwenge, mlango ukateleza taratibu na watu wa kituoni wote wakageuka kutazama anashuka nani. Hajaisahau siku hiyo. Shemeji yangu, aliyekuja kukaa kwetu "kwa muda" mwaka 2017, alitaka IST, kwa maelezo kwamba kijana hawezi kuonekana katika kitu kingine. Mchango wa fedha hakuwa nao. Wa mawazo aliutoa kila jioni. Mshauri mkuu wa ufundi alikuwa mwalimu mwenzangu wa Fizikia, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli. Yeye alisema Starlet, kwa sababu haina kitu cha kuharibika. Ni kweli. Starlet tuliyoonyeshwa haikuwa na AC, haikuwa na redio, na chini ya miguu ya abiria ilionyesha lami. Mke wangu akaizunguka mara moja, akasema kama ni kupigwa na upepo, hata bodaboda ina upepo.

Tulifikiria pia kuagiza wenyewe Japani. Kule gari dogo la abiria hupelekwa kwenye ukaguzi wa lazima likitimiza miaka mitatu, halafu kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi wenyewe una gharama. Ikifika mahali Mjapani anaona nafuu aachane na gari ambalo huku tungerithishana. Bei za mtandaoni zilikuwa za kuchekesha, na tulicheka kweli, mpaka shemeji alipofungua kikokotoo cha kodi. Ushuru wa forodha asilimia 25. VAT asilimia 18. Na kwa kuwa gari limepita miaka kumi, asilimia 30 ya uchakavu. Wenzetu wa Kenya hawaruhusiwi kabisa kuingiza gari lililopita miaka minane. Sisi tunaruhusiwa, ila umri tunaulipia. Faraja ilikuwa moja tu: injini isiyozidi cc 1,000 haina ushuru wa bidhaa wa ukubwa wa injini, na ile ndogo ya Vitz ni cc 997. Pungufu ya cc tatu! Nilimpenda aliyezihesabu bila kumjua. Jumla ilipotokea, mke wangu alimnyang'anya mdogo wake simu, akaizima, akaiweka kifudifudi mezani. Tukarudi kwa madalali.

Lugha ya dalali inahitaji kamusi, nami kwa kuwa nafundisha Kiswahili nilijiona siihitaji. "Ilikuwa ya mama mmoja hivi, anaenda nayo kanisani na kurudi." Katika majuma mawili nilionyeshwa magari manne ya mama huyo, na kwa jinsi yalivyochoka, kanisa lake liko Tunduma. "Injini haijaguswa" ilikuja kuthibitika: fundi alipofungua boneti alisema ni kweli haijaguswa, hata kwa kubadilishwa oili. Na "haidai". Gari haidai kitu, mwalimu, ni wewe na mafuta yako. Sijapata kuona kiumbe kinachodai kama gari lisilodai.

Tena kabla hujataja aina ya gari, Dar watakuuliza namba. Namba gani? Hawana haja na mwaka liliotengenezwa. Wanataka herufi ya kwanza kati ya zile tatu za mwisho kwenye kibao. Wakati ule gari la 1999 lililosajiliwa juzi lilikuwa namba D, kijana. Gari la 2004 lililosajiliwa siku nyingi ni namba A, mzee, lipishwe njia. Ni kama kuhesabu umri wa mtu kuanzia siku aliyohamia mjini.

Lililotuangukia sisi lilikuwa Vitz ya 2001, rangi ya fedha, namba C, milango mitatu. Na wa tatu, naomba ieleweke, ni buti. Toyota walitoa Vitz za milango mitano na za mitatu, na hizi za mitatu bei yake hupoa kwa sababu mnunuzi mwenye akili hujiuliza shangazi atapitia wapi. Mimi nilijiuliza bei. Nikamweleza mke wangu kwamba gari hilihili, kwa jina la Yaris, lilichaguliwa kuwa Gari Bora la Mwaka 2000 barani Ulaya. Akajibu kwamba mwaka 2000 kila mtu alikuwa bora.

Dalali alilileta saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ilikuwa Julai 2021. "Asubuhi asubuhi, mwalimu, tuwahi foleni." Akabonyeza kitufe cha AC, taa ndogo ya kijani ikawaka. Upepo ukatoka, wa baridi, safi, ukanipiga kifuani. Akapandisha vioo, vya umeme, vikapanda vikiguna kama mzee anayeinuka mkekani. "Sikiliza kimya hicho," akaniambia. Nikakisikiliza. Nyuma yangu mwalimu wa Fizikia alikuwa anasoma dashibodi inayosema kilomita 78,000. Akainama kutazama pedali ya breki, ambayo mpira wake ulikuwa umelika hadi chuma kinachungulia. Akasoma tena 78,000.

"Huyu mama," akasema, "kilomita zote hizi alikuwa amekanyaga breki."

Sikumjibu. Nilikuwa nimefumba macho, niko Lushoto.

Kitu cha kwanza ambacho hakikuwa katika tangazo tulikigundua jioni ileile. Niliwasha gari, na kutoka chini ya usukani ikaja sauti ya mwanamke. Ya upole, ya adabu, isiyo na haraka. Ikasema sentensi moja ndefu ya Kijapani, ikanyamaza. Mke wangu alikuwa anavuta mkanda, akauachia.

"Nani huyo?"

"Gari."

"Anasema nini?"

Nikasema nadhani anatusalimu.

"Anamsalimu nani? Kwa hiyo kila asubuhi atakuwa anakusalimu wewe?"

Mwanangu, wakati huo wa miaka mitano, ndiye aliyemaliza mjadala. "Shikamoo," aliiambia dashibodi. Tangu hapo ikawa desturi. Kuwasha gari bila kumwamkia yule dada kulihesabiwa utovu wa adabu nyumbani kwetu, na shemeji, ambaye mimi hunisalimu kwa kuinua kidevu, yeye alimwamkia kila siku.

Redio nayo ilikuwa ya kwao. FM ya Japani inaanzia 76, na redio za magari yao ya wakati ule ziliishia 90. Ukiitaka EFM ya 93.7 huipati hata ukiomba. Shemeji aliuzungusha ule mshale nusu saa, kama mtu anayetafuta ghorofa ya kumi kwenye nyumba ya ghorofa tisa. Mafundi wanauza kidude cha kushusha masafa, nikakifunga. Kikawa kinaleta stesheni mbili kwa mpigo, kwaya na mpira. Tumesikia magoli mengi ya Simba na Yanga katikati ya pambio.

Halafu kuna suala la geji. Kwenye Vitz hii geji haziko mbele ya dereva. Ziko katikati ya dashibodi, zinawatazama wote mliomo. Aliyebuni hivyo hakuwahi kutoa lifti Dar es Salaam. Mafuta yanaonyeshwa kwa vipande vidogo vya mwanga, na kikibaki kimoja kinaanza kupepesa. Mwenye gari la kawaida anaweza kubeba siri yake peke yake hadi kituo cha mafuta. Mimi nilikuwa nabeba walimu watatu, na tukifika Makongo kile kipande kinaanza kupepesa. Mazungumzo yanapungua. Wa Jiografia anakumbuka ana shughuli hapahapa karibu. "Nishushe tu hapo mbele." Mwaka 2022 petroli ilipovuka shilingi 3,000 kwa lita, nilikuwa nikifika shuleni peke yangu.

Hayo ni madogo. Turudi kwenye pepo.

Agosti ikapita, Septemba ikapita. Mwishoni mwa Oktoba joto la Dar likarudi na mizigo yake yote. Nikiwa kwenye foleni ya Mwenge, saa nane mchana, nikabonyeza kitufe. Taa ya kijani ikawaka. Ukatoka upepo wa uvuguvugu wenye harufu ya soksi. Nikangoja. Nikaongeza hadi namba nne. Sasa ukawa uvuguvugu wenye nguvu. Nikaweka mkono kwenye tundu la kushoto, nikaweka kwenye la kulia, kama daktari.

Hapo ndipo nilipoikumbuka kazi yangu. Mwanafunzi akiniuliza kipupwe ni nini, namjibu bila kugusa kamusi: majira ya baridi, Juni hadi Agosti. Dalali hakunidanganya hata kidogo. Aliniuzia kipupwe wakati wa kipupwe, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Upepo wa Mungu ulipita kwenye matundu ya Toyota, ukanipiga kifuani, ukaenda zake.

Fundi wa kwanza hakufungua hata boneti. "Gesi imeisha." Akajaza gesi, akapokea elfu sitini zake. Upepo ukabaki vilevile. "Iache ilale nayo leo," akashauri. Mwalimu wa Fizikia, ambaye nilikuwa namchukua kila mahali kama wakili, akamwambia gesi ya AC haiishi kama petroli. Mfumo umefungwa, inazunguka ileile, na ikipungua imevuja.

"Wewe fundi?"

"Mwalimu wa Fizikia."

"Basi ifundishe isivuje."

Wa pili alikuwa mzee mmoja wa Gerezani, mtu wa maneno machache. Alikoroga povu la sabuni kwenye kopo la rangi, akachukua brashi ya kunyolea ndevu, akawa anapaka maungio ya mabomba moja baada ya jingine, polepole, kama anayempaka mtoto dawa ya tetekuwanga. Kila ungio alilipaka, akaliinamia, akangoja. La kwanza kimya. La pili kimya. La tatu likatoa kiputo kimoja kidogo, kikavimba, kikapasuka, kikafuatwa na kingine. Nilikuwa naangalia elfu sitini zangu zikitoka shilingi kwa shilingi. Mzee akajipangusa mikono, akaingiza kichwa chini zaidi, akakaa huko kwa muda. Alipotoka alikuwa anacheka.

Mkononi alishika ncha ya waya. Ulikuwa umekatwa, ukafungwa utepe mweusi, vizuri kabisa, kwa mikono ya mtu asiye na papara. Kompresa, akaeleza, imekwama siku nyingi, pengine kabla gari halijaniona. Mwenyewe wa mwanzo akaukata waya wake ili isiing'ang'anie injini. "Lakini ni mstaarabu," akasema mzee akiutazama ule utepe. "Taa kaiacha iwake."

Kwa hiyo Toyota hawana kosa, na kosa ni la nani tuliache. Kompresa iliyotumika, kuziba mabomba, gesi na ufundi: laki sita na nusu. Nikamshukuru mzee, nikafunga boneti. Njiani mwalimu wa Fizikia akajaribu kunifariji kwa namna yake. Alisema injini ile ina nguvu ya farasi 70 tu, na ukiwasha AC farasi wanne watano wanaachishwa kuvuta gari wanakwenda kukupepea. Kwenye mlima wa Goba, ukiwa na abiria kamili, ingebidi uchague: upepewe au ufike.

Mtu mwenye busara angeshusha vioo yakaisha. Lakini kioo kilichoshushwa mchana wa Januari ni tangazo la pili, na hili halina lugha ya dalali. Linasema wazi kwamba huyu hana AC. Mimi nilikuwa nimeshawatangazia ofisi nzima ya walimu. Nikabuni utaratibu. Kutoka Goba nakuja vioo viko chini, shati limevimba kama tanga. Mita mia mbili kabla ya kituo wanaposhukia wanafunzi, napandisha vyote. Natengeneza uso wa mtu anayesikia baridi. Napita mbele yao taratibu, kwa maana haraka haina heshima, naingia getini, naegesha nyuma ya stoo ya vitabu, nafungua mlango na kushuka kama mkate unaotolewa tanurini. Nimewahi kuvaa sweta ili kuongeza ushahidi.

Nilijua mambo yameharibika nilipowapa kidato cha pili insha ya mtu wanayemheshimu. Binti mmoja wa dawati la mbele aliandika juu yangu. "Mwalimu wetu ni msafi sana," alisema. "Kila siku hufika shuleni ametoka kuoga, hata shati halijakauka." Nikampa 16 kwa 20.

Kile kioo cha umeme kina mota ndani ya mlango, na mota zangu zilizaliwa 2001. Kupandisha na kushusha huko, asubuhi na mchana, kwa ajili ya watoto wa watu, kulizichosha. Cha upande wangu kilikufa Februari, juu. Cha abiria kilivumilia juma moja, kikamfuata mwenzake, nacho juu. Na nyuma, kwa faida ya asiyewahi kupanda gari la milango mitatu, hakuna kioo cha kushusha. Kuna kioo cha kutazamia.

Basi Machi, mama mkwe akaja kutoka Lushoto.

Lushoto ni mahali ambapo kipupwe kiko bure. Mama alishuka kituo cha mabasi cha Magufuli, Mbezi, amevaa sweta juu ya gauni na kanga juu ya sweta, na ana kapu la mapeasi, ungo mpya, na kipepeo cha ukili cha kuchochea mkaa, zawadi ya binti yake. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza kama mji huu huwa unapikwa. Nikampokea kapu. Mbingu upande wa Kibamba ilikuwa imeshakuwa nyeusi.

Kwa adabu zetu mama mkwe hakai mbele, bega kwa bega na mkwewe. Kwa hiyo nilikunja kiti cha mbele, nikageuka, nikayatazama mabasi ya Tanga kwa makini makubwa ili nisione. Nyuma yangu nilimsikia mke wangu: "Weka mguu hapo, mama. Si huo. Inama. Inama tena." Kisha sauti ya mama, imebanwa, kutoka mahali fulani kati ya kiti na paa: "Hili gari mnaliingia kama nyuki mzingani?"

Tulipotulia wote wanne, yeye na mjukuu wake nyuma, kapu magotini, nikawasha gari. Yule dada akasema maneno yake.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia mama mkwe papo hapo.

Hakuna aliyecheka. Hata mtoto hakucheka.

"Ana adabu," mama akaongeza. "Wa wapi huyo?"

"Mjapani, mama."

"Hata kama."

Mvua ilitukuta Mbezi Mwisho, kabla hatujakata kwenda Goba. Mvua ya masika, ile isiyoanza kwa manyunyu. Vioo viko juu, jambo ambalo kwa mara ya kwanza lilikuwa sahihi, na kwa dakika mbili nilijiona nina gari. Dakika ya tatu kioo cha mbele kikaanza kuwa cheupe. Ya nne sikuona kitu.

Kuna kazi ya pili ya AC ambayo dalali haitaji, na mimi niliijua siku hiyo nikiwa ndani ya wingu. Inakausha hewa. Mvuke wa pumzi zenu unapita kwenye mabomba ya baridi, unageuka maji, unateremka chini ya gari. Ndiyo yale maji yanayotona chini ya magari ya wenzetu yakisimama juani. Hewa inayorudi ni kavu, na kioo hakishiki ukungu. Chini ya gari langu palikuwa pakavu kama Dodoma. Maji yetu yote tulikuwa nayo humu ndani: ya pumzi nne, ya sweta, ya kanga na ya mapeasi.

Mke wangu alivua kanga ya begani, akawa anafuta kioo. Akifuta panafunguka tundu la ukubwa wa sahani, naona taa za nyuma za lori, sahani inajifunga. Anafuta tena. Ujina wa kanga ile niliusoma kinyumenyume kama mara arobaini. Foleni haikusogea. Jasho liliniingia machoni, nikawa nina ukungu wa nje na wa ndani.

Kioo cha upande wangu kikagongwa. Koti la mvua, kofia nyeupe. Askari wa usalama barabarani, ananionyesha kwa kidole: shusha. Nikabonyeza kitufe, kwa heshima tu. Akagonga tena. Nikafungua mlango, mvua na yeye wakaingia kichwa.

Alitazama. Mvuke ulitoka ukampitia usoni. Alimwona mke wangu na kanga iliyoloa, mtoto aliyevuliwa shati anakula peasi, na nyuma kabisa bibi mwenye sweta.

"Mnapika?"

"Hapana, afande."

"Kwa nini hushushi kioo?"

"Kimegoma, afande."

"Gari halina AC?"

"Inayo."

"Iwashe tuone."

Nikabonyeza. Taa ya kijani ikawaka. Afande akaweka mkono kwenye tundu, akaungoja upepo kama nilivyoungoja mimi Oktoba. Akanitazama.

"Hii inafanya kazi?"

"Inawaka, afande."

Ilikuwa sauti ya mama mkwe iliyotuokoa. "Mwanangu," alimwambia, "ama ingia ama toka. Mvua inanyeshea watoto." Afande akasimama wima bila kujijua. "Shikamoo mama," akasema, akaubana mlango polepole, akazunguka mbele akaanza kulisimamisha lori ili tupite.

Na hapo, tukiwa tunaingia barabara ya Goba kwa mwendo wa jeneza, nikasikia kitu kisogoni. Upepo. Ukaja, ukakatika, ukaja tena, kwa mpigo uleule wa mtu anayechochea mkaa ambaye ameshafanya kazi hiyo miaka hamsini na hana haraka. Mama alikuwa amekitoa kipepeo. Alinipepea mimi, akampepea binti yake, akampepea mjukuu, akanirudia. Kioo cha mbele kikaanza kuachia, kuanzia pembeni. Mlima wa Goba tuliupanda bila farasi hata mmoja kupunguzwa.

Kipepeo hakikushuka garini tena. Mke wangu alisema mkaa atanunulia kingine.

Mwaka jana mwanafunzi wangu wa zamani, anayesoma Japani, alikuja likizo, nikampa lifti. Niliwasha gari, dada akasema yake, nami kwa mazoea nikaitikia. Kijana akacheka mpaka akaushika mkono wangu. "Mwalimu, huyu hasalimu. Anasema kadi ya ETC haijawekwa." Akanieleza kwamba kule barabara kuu zinalipiwa, na kuna kifaa cha kadi garini, ukipita kwenye lango tozo inakatwa bila kusimama. Miaka yote hiyo, kila asubuhi, kwa sauti ile ya upole, tukiwa tunamwamkia kwa zamu, alikuwa anadai kadi. Ndani ya gari lisilodai.

Fundi anaweza kumnyamazisha kwa kukata waya mmoja. Sijampeleka. Katika gari lile yeye ndiye kitu pekee ambacho hakijawahi kuharibika, na waya wa kukatwa tayari tulishakuwa nao.

Jumapili mama mkwe hupiga simu. Huuliza hali ya mtoto, ya binti yake, ya yule kijana wake ambaye bado yuko kwetu kwa muda, kisha hali yangu. Jumapili iliyopita, tulipokaribia kuagana, akakumbuka.

"Na yule binti wa garini, hajambo?"

"Hajambo, mama. Bado anadai kadi yake."

"Mpeni basi," akasema. "Mtoto wa watu yule."